Ukoka unakauka na maji unapata: mtafute funza mweupe kabla ya kumwaga dawa

Masika yakishakatika, kuanzia mwisho wa Mei hivi, simu ninazopigiwa hapa Arusha hufanana mno. "Fundi, majani yanakauka na kila jioni namwagilia." Ninapofika, mara nyingi mwenye nyumba ameshapita duka la pembejeo, ameshauziwa chupa ya dawa ya wadudu na ameshaimwaga yote. Naomba panga, nakata kipande cha ukoka, nakifunua. Kuna siku funza wamejaa. Siku nyingi zaidi hakuna hata mmoja, na dawa ile imekwenda kuwaua nyungunyungu waliokuwa wakiulainisha udongo bila malipo.

Nimetunza bustani za watu kwa miaka, na neno ninalolishikilia kuliko yote ni hili: usimwage chochote mpaka umemwona mdudu kwa macho yako na umemhesabu. Majani makavu yana sababu nyingi, na dawa ya funza hutibu moja tu.

Mdudu mwenyewe

Funza mweupe ni buu wa mbawakawa. Ukimfukua hujikunja kama herufi C na kutulia hivyo. Kichwa ni cha kahawia na kigumu, miguu sita imekusanyika karibu na kichwa, mwili ni mweupe wenye unjano kidogo. Sehemu ya nyuma imevimba na kuwa ya kijivu, kwa sababu udongo aliomeza unaonekana kupitia ngozi. Akitoka kwenye yai ni milimita chache tu. Akikomaa hufika sentimita mbili na nusu, na wapo wanaopita hapo.

Kalenda yake inafuata mvua. Ardhi ikishalowa, mbawakawa wazima hutoka jua linapozama, na hao ndio unaowasikia wakigonga taa ya barazani na kuanguka chali. Jike hushuka kwenye udongo laini na kutaga mayai sentimita chache chini. Baada ya wiki mbili au tatu yanaanguliwa. Funza hujivua ngozi mara mbili, na baada ya mara ya pili ndipo anakula kwa uroho kweli. Akishiba hushuka chini zaidi, anageuka pupa, hatua ya kutulia bila kula, kisha mbawakawa. Aina nyingi humaliza mzunguko huo kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo mvua ikiendelea kunyesha unaweza kuwa na funza wengi na usijue. Mizizi imekatwa, lakini udongo umelowa na majani yanajikimu na kile kidogo kilichobaki. Jua likiwaka wiki mbili mfululizo ndipo mabaka yanapojitokeza, na mtu hudhani tatizo limeanza jana.

Ukisoma ushauri wa Marekani utaambiwa upige dawa Julai au Agosti. Huko wanamzungumzia zaidi mbawakawa wa Kijapani, aliyegunduliwa New Jersey mwaka 1916, na kalenda yao inafuata kiangazi chao. Hata ule unga wa bakteria wanaouita ugonjwa wa maziwa humshika mbawakawa huyo tu, kwa hiyo ukiuagiza hautakusaidia hapa. Wetu ni wengine. Wakulima wa mahindi wa nyanda za juu wanawajua wale weusi wanaong'aa wa jamii ya Heteronychus, ambao hata wakiwa wazima huguguna shina chini kidogo ya uso wa udongo. Na kule Arusha Chini, kusini mwa Moshi, mashamba ya miwa yamehangaika na funza wa mbawakawa aitwaye Cochliotis melolonthoides tangu enzi za Tanganyika.

Namna ya kufukua

Usichimbe katikati ya baka lililokwisha kufa. Huko chakula kimeisha na funza wamehama. Chimba ukingoni, pale ukavu unapokutana na kijani. Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30, pande tatu tu, kina cha vidole vinne, kisha ukunje ukoka kama unafunua ukurasa. Vunjavunja udongo kwa mkono, kagua na mizizi iliyoning'inia upande wa chini. Hesabu. Rudishia kipande, kikanyage, kimwagilie, kitashika tena. Fanya hivyo mahali kama vinne au vitano, pamoja na pale ambapo majani bado ni mazima.

Ukipata chini ya watano kwa mraba, waache. Ukoka wenye afya unawastahimili, hasa majani ya Kikuyu na ukoka wa kawaida, maana hutambaa na kujiziba haraka. Kati ya watano na kumi tazama hali ya majani: kama mizizi ni mirefu na unamwagilia vizuri, subiri na urudie kufukua baada ya wiki mbili. Wakipita kumi, chukua hatua.

Jambo moja kabla hujawahukumu. Mweke funza kwenye sinia au kipande cha ubao laini. Akijigeuza chali na kutembea kwa mgongo, miguu ikielekea juu, huyo ni wa mboji. Anakula samadi na majani yaliyooza, mizizi hai haimhusu. Mrudishe kwenye lundo la mboji akaendelee na kazi. Mla mizizi hulala ubavu akiwa amejikunja, na akitembea hujikokota kwa shida. Watoto wa nyumba ninazofanyia kazi huupenda sana mtihani huu, na wameshaniokolea mboji nyingi.

"Yamekuwa manjano kwa mabaka, na nikivuta yanatoka kama mkeka"

Hapa ndipo penye funza. Baka huanza na ukubwa wa sahani, linaunganika na jirani yake, ukikanyaga unahisi kitu kinabonyea kama godoro. Ukishika majani kwa mikono miwili na kuvuta, yananyanyuka yote pamoja. Geuza chini utazame: mizizi imekatwa kama iliyopitishwa wembe, imebaki visiki vya nusu sentimita.

Kwenye nyumba moja mtaani Sakina nilivuta baka la upana wa meza ya chakula kwa mkono mmoja. Mama mwenye nyumba alisimama kibarazani akaniambia, "Mwanangu, hiyo si bustani tena, hilo ni zulia." Kwenye mraba wa kwanza nilihesabu funza 17.

Eneo likiwa dogo, mimi huanza na njia isiyo na dawa. Nakunja ukoka uliokwisha kung'oka, natifua udongo kwa uma kina cha sentimita kumi, halafu nafungulia kuku wa kienyeji wanne watano asubuhi mpaka jioni. Siku ya pili natifua tena na kuwarudisha. Kuku haachi kitu. Sharti ni moja: pasiwe pamepigwa dawa yoyote karibuni, maana kuku huyo na mayai yake vitaliwa.

Eneo likiwa kubwa na hesabu imepita kumi, dawa ina nafasi yake, ila kwa wakati wake. Funza mdogo, wiki chache baada ya mbawakawa kuruka, hufa kwa urahisi. Mkubwa aliyekwisha kunenepa ni sugu, na anapokaribia kuwa pupa hali tena, kwa hiyo dawa ya kula haimfikii. Viambato kama imidaklopridi hufanya kazi vizuri kwa wadogo. Kwa wakubwa utatumia fedha nyingi upate kidogo.

Kwenye lebo tafuta namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha. Kenya kazi hiyo hufanywa na bodi ya viuatilifu, PCPB. Tafuta pia kama lebo inataja nyasi za bustani. Dawa iliyoandikwa ya mahindi au kahawa haijapimwa kwa mahali ambapo mtoto atakaa chini na kucheza. Klopirifosi, dawa ya wadudu ambayo bado watu huipendekezana, iliwekwa mwaka 2025 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali za kuondolewa duniani. Tena kwa funza haifai sana, kwa sababu hunasa kwenye matandazo ya majani makavu kabla ya kufika chini. Na ukiletewa chengachenga za karbofurani, sumu nyingine ya wadudu, kataa. Ndege akimeza chenga moja anakufa. Kenya zilitumiwa kuwatega simba kwa sumu.

Imidaklopridi ina ubaya wake kwa nyuki. Kama kwenye majani kuna magugu yenye maua, kata kwanza maua yaondoke, ndipo upige.

Ipo na njia ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, jamii ya Heterorhabditis, inayoingia mwilini mwa funza na kumuua kwa bakteria inaowabeba. Ukiipata, ipige jioni kwenye udongo uliolowa na uuweke unyevu siku kadhaa. Jua na ukavu huiua kabla haijafanya kazi.

"Yamekauka lakini hayang'oki"

Yakishika ardhi kwa nguvu, mizizi ipo, na funza hana kesi. Chukua bisibisi ndefu uichomeke.

Mzee mmoja wa Njiro, mwenye nyumba mpya, alinipokea na chupa tupu mbili za dawa. "Fundi, hawa funza wamekuwa sugu." Nilichomeka bisibisi kwenye baka, ikaingia kidole kimoja ikagota. Nikajaribu hatua moja pembeni, kwenye kijani, ikazama hadi mpini. Tulipochimba tulikuta kokoto, vipande vya tofali na saruji iliyomwagika wakati wa ujenzi ikagandia hapo hapo, juu yake sentimita nane za udongo. Maji hayana pa kukaa, jua la saa sita linapika mizizi. Tulitoa toroli sita za kifusi, tukajaza udongo, na ukoka ukarudi. Hakukuwa na funza hata mmoja katika uwanja ule.

Bisibisi ikikataa kila mahali, hata pasipo na kifusi, udongo umeshindiliwa na miguu au magari. Toboa kwa uma kila sentimita kumi, kisha mwagilia polepole. Mkojo wa mbwa huacha duara dogo lililokufa lenye ukingo wa kijani kibichi kupita kawaida, kwa sababu pembeni naitrojeni imepungua ikawa mbolea. Mbolea ya yurea iliyomwagika huunguza vivyo hivyo. Petroli ya mashine ya kukatia majani huacha umbo la kumwagika kwake. Jaza mashine ikiwa juu ya zege.

"Jana yalikuwepo, leo yameliwa"

Funza mweupe hali jani. Ukiona majani yametafunwa juu na kubaki vijiti, tafuta viwavi, pengine viwavijeshi, hasa mvua zinaporudi baada ya ukame. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita nne za maji, mwagia karibu mita moja ya mraba, ngoja dakika kumi. Viwavi watapanda juu, na chenene pia. Suuza kwa maji safi baadaye jua lisiunguze majani. Kumbuka kwamba funza mweupe hapandi kwa sabuni. Kwake hakuna njia ila kufukua. Dawa ya bakteria ya Bt ya viwavi nayo haimgusi.

"Kuna vichuguu na mistari iliyovimba"

Ushauri wa nchi za kaskazini unasema mnyama mchimbaji akionekana, funza wapo, kwa sababu fuko wao hula wadudu. Fuko wetu wa nyanda za juu ni mnyama mwingine kabisa, wa jamii ya panya, na chakula chake ni mizizi na viazi. Ukimwagia dawa ya funza hujamgusa. Mistari myembamba iliyovimba chini ya uso, yenye udongo laini, ni ya chenene, yule mwenye miguu ya mbele kama sepeto. Mhakiki kwa maji ya sabuni. Udongo mwembamba uliotandazwa juu ya majani kama plasta ni wa mchwa, na mara nyingi wanakula majani yaliyokwisha kufa kwa sababu nyingine. Itafute hiyo sababu.

"Kwarara wanachimba kila asubuhi"

Kwarara, wale ndege wa kijivu wenye mdomo mrefu uliopinda ambao kelele zao huamsha mtaa mzima, hudunga ardhi wakitafuta wadudu na nyungunyungu. Vitobo vyao ni vyembamba na vya kina. Wakirudi mahali pale pale siku tatu nne mfululizo, fukua hapo. Huenda wamewaona funza kabla yako. Ila usiwafukuze. Vitobo hujiziba vyenyewe, na kila funza wanayemla umepunguziwa kazi. Hii ni sababu nyingine ya kuiogopa sumu: funza anayekufa pole pole juu ya ardhi ndiye anayeokotwa kwanza.

"Yananyanyuka, lakini funza simwoni"

Chimba zaidi, sentimita 15 mpaka 20. Udongo ukikauka au baridi ya Juni na Julai ikizidi, wanashuka. Ukikuta kitu kama yai refu la kahawia lenye mikunjo, au mbawakawa laini wa rangi hafifu, umechelewa: hao wameshamaliza kula. Dawa sasa ni hasara. Panda upya na ujiandae kwa mvua zijazo.

Kama hata chini hakuna kitu, tazama matandazo. Majani ya Kikuyu yasiyopunguzwa kwa muda mrefu hujenga tabaka nene la vijiti na mizizi, na mizizi mipya huishia humo bila kugusa udongo. Kumwagilia kidogo kila siku kunafanya hivyo hivyo. Kwangua kwa reki ya chuma, punguza, kisha mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki badala ya kunyunyizia kila jioni.

"Nimepiga dawa na bado"

Swali langu la kwanza: ulimwagilia baada ya kupiga? Dawa ya funza inayokaa juu ya majani haifanyi kazi. Lazima isukumwe mpaka kwenye mizizi siku hiyo hiyo. Weka kopo tupu kwenye majani, fungua mpira wa maji, na uufunge maji yakifika kina cha milimita 12 hivi ndani ya kopo. Swali la pili ni matandazo, ambayo hunyonya dawa kama sifongo. La tatu ni umri wa funza. Usirudie kupiga kabla hujajibu yote matatu. Baada ya wiki tatu fukua tena uhesabu, maana majani yaliyokufa hayatageuka kijani hata funza wakiisha, na wengi hupiga mara ya pili kwa sababu hiyo tu.

"Wanarudi kila mwaka"

Hapa ndipo ninapotaka watu wakae zaidi, kwa sababu mara nyingi tunawaleta wenyewe. Samadi mbichi kutoka zizini, inayomwagwa juu ya majani kabla ya mvua, huvuta mbawakawa na mara nyingine huja na mabuu ndani yake. Niliwahi kupakuliwa lori la samadi, nikatia mkono, nikatoa funza watano kwenye konzi mbili. Baadhi walitembea chali. Wengine hawakutembea. Tangu siku hiyo samadi huimwaga kwenye turubai, naisambaza, nawaachia kuku, na siitumii mpaka imeiva: haina harufu, haina joto, inapukutika kama udongo.

Taa ni ya pili. Katika wiki za mwanzo za mvua, zima taa za nje zinazomulika majani kuanzia magharibi, au ziwekee taa za njano hafifu. Unaweza kutega: beseni la maji ya sabuni chini ya taa moja iliyo mbali na ukoka, asubuhi unakuta mbawakawa wameelea. Mtego hauwamalizi, lakini unakuambia siku waliyoanza kuruka. Iandike ukutani. Kuanzia hapo hesabu wiki nne mpaka sita, ndipo uende kufukua. Funza watakuwa bado wadogo.

La tatu ni urefu wa majani. Ukoka unaokatwa mpaka ardhi ionekane una mizizi mifupi, na funza wachache wanatosha kuumaliza. Majani ya Kikuyu yaache sentimita tano hivi, na usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

Kuziba mabaka

Ngoja hesabu ishuke, la sivyo unawapandia chakula. Kwangua majani yaliyokufa yote, tifua sentimita kumi, ondoa mawe, changanya samadi iliyoiva. Chukua vipande vya ukoka kutoka pembeni mwa uwanja wako, vyenye fundo mbili au tatu na mizizi kidogo, uvipande kila sentimita 10 mpaka 15 huku nusu ya kipande ikibaki juu. Kanyaga kila kimoja kwa kisigino. Wiki mbili za kwanza mwagilia kidogo asubuhi na jioni, kisha anza kupunguza mara na kuongeza wingi. Usiweke yurea mpaka vipande vimetoa vitawi vinavyotambaa. Na kabla ya kuvuta kipande chochote kukijaribu kama kimeshika, kipe wiki nne.